Zone Industrielle ya Bujumbura: Mche wa sabuni na dola yenye bei mbili

Wanafunzi wa uhasibu wa gharama katika vyuo vikuu vya Burundi hufundishwa kukokotoa gharama ya bidhaa hadi faranga ya mwisho. Katika mtaa wa viwanda wa Bujumbura, ugumu hauko kwenye kukokotoa. Uko kwenye bei ya dola inayotiwa ndani ya hesabu.

Zone Industrielle, ambayo wengine huiita Quartier Industriel, si mbali na Buyenzi. Humo ndimo kilimo Brarudi, kiwanda cha bia na soda kilichoanza mwaka 1955 na ambacho sehemu yake kubwa inamilikiwa na kampuni ya Heineken ya Uholanzi huku dola ya Burundi ikimiliki asilimia 40 hivi. Humo kimo pia kiwanda cha sabuni na mafuta cha Savonor, na maghala mengi yanayopokea shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa malori yaliyosafiri zaidi ya kilomita 1,400. Kwa wazazi wengi wa Buyenzi, Bwiza na Kinama, mtaa huu ulikuwa mahali pa kutafuta kibarua. Kwa watoto wao wanaosoma uchumi na usimamizi katika Chuo Kikuu cha Burundi, au katika vyuo vya binafsi vilivyofunguliwa jijini tangu mwaka 2000, umekuwa mahali pa kutafuta staji, yale mafunzo ya kazini ambayo mwanafunzi huyaandikia ripoti kabla ya kupewa shahada.

Miongoni mwa masomo anayokwenda nayo huko ni lile ambalo darasani huitwa kwa Kifaransa comptabilité analytique, na kwa Kiswahili uhasibu wa gharama. Ni somo lenye sifa ya ukavu: majedwali, asilimia na mgawanyo wa matumizi ya idara hii kwenda idara ile. Wapo wanaolisoma ili walipite tu. Hata hivyo, katika hali ya uchumi wa Burundi ya miaka hii, sijui somo jingine lolote la chuo linalogusa moja kwa moja kama hili swali la iwapo kiwanda kitaendelea kufungua milango yake mwezi ujao.

Tofauti yake na uhasibu wa jumla ni rahisi kueleza. Uhasibu wa jumla huandikwa kwa ajili ya watu wa nje, kama vile mamlaka ya mapato, benki na wenye hisa, na muundo wake umewekwa na sheria. Husema mwishoni mwa mwaka kwamba kampuni imepata faida au hasara. Uhasibu wa gharama huandikwa kwa ajili ya walio ndani. Huuliza ni bidhaa ipi iliyoleta faida, na ni ipi iliyokula faida ya wenzake. Huchukua malighafi, ujira na matumizi ya pamoja kama umeme, ulinzi na uchakavu wa mashine, kisha huvigawa hadi vifike kwenye chupa moja, mche mmoja wa sabuni au mita moja ya kitambaa.

Njia inayofundishwa katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kifaransa ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Émile Rimailho, afisa wa mizinga wa jeshi la Ufaransa aliyegeukia shughuli za viwanda. Katika miaka ya 1920 alipendekeza kiwanda kigawanywe katika sehemu zenye kazi ya aina moja, kila sehemu ikiwa na kipimo chake, iwe ni saa ya mashine au kilo ya malighafi. Njia hiyo ilistawi mahali ambapo fedha ilikuwa na thamani moja kwa kila mtu. Hapo ndipo Bujumbura inapoleta utata.

Hesabu moja, majibu mawili

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kiwanda kidogo cha sabuni. Takwimu hizi si za kampuni yoyote. Zimewekwa ili hesabu ionekane. Kiwanda kinatengeneza miche 1,000 kwa mpishi mmoja. Mafuta ya mawese, ambayo Burundi huyapata hasa katika ukanda wa Rumonge, yanagharimu faranga 600,000. Vibarua wanalipwa 60,000. Kodi ya jengo, walinzi, msimamizi na uchakavu wa mitambo ni 3,000,000 kwa mwezi, na kwa kuwa imepangwa kupika mara 20 kwa mwezi, kila mpishi unabeba 150,000. Inabaki soda kostiki, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Hiyo inaagizwa kutoka nje, na kwa mpishi mmoja inahitajika ya dola 100.

Kwa kiwango rasmi cha karibu faranga 2,900 kwa dola, soda hiyo ni 290,000. Jumla ya mpishi ni 1,100,000, yaani faranga 1,100 kwa mche. Mche ukiuzwa 1,300, jedwali linaonyesha faida ya 200. Mwanafunzi anaandika jibu, na mwalimu anatia alama ya sahihi.

Sasa tuseme benki haina dola ya kumpa mwenye kiwanda, naye anaipata kwa faranga 7,000, kiwango ambacho soko lisilo rasmi liliripotiwa kukipita mwaka 2025. Soda ileile inakuwa 700,000. Mpishi uleule unafika 1,510,000. Kila mche unaouzwa kwa 1,300 sasa unamtoa mwenye kiwanda faranga 210 mfukoni. Hakuna kilichobadilika katika sufuria, wala katika ustadi wa wapishi, wala katika bidii ya vibarua.

Utata huu una historia inayojulikana. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015 Umoja wa Ulaya ulisimamisha mwaka 2016 msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, na hatua hiyo haikuondolewa hadi Februari 2022. Kahawa na chai, ambazo kwa miongo mingi zimekuwa nguzo za mauzo ya nje, hazikutosha kuziba pengo hilo. Februari 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilifuta leseni za maduka ya kubadilisha fedha. Mwaka 2022 yakaruhusiwa tena. Mei 2023 benki hiyo ilishusha thamani ya faranga kwa hatua moja kubwa, dola ikatoka kwenye takriban faranga 2,080 na kupita 2,800, na miezi miwili baadaye Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaidhinisha mpango wa mkopo wa dola milioni 271 hivi. Ilitarajiwa kwamba viwango viwili vingekaribiana. Vikaachana zaidi.

Matokeo yake kwa Zone Industrielle ni haya: viwanda viwili vinavyotenganishwa na ukuta mmoja, vyenye mashine za aina moja, vinaweza kuwa na gharama zinazopishana kwa theluthi nzima, kwa sababu kimoja kimepata dola ya benki na kingine hakikupata. Vitabu vya kiada husema kwamba gharama ndogo ni dalili ya ufanisi. Hapa gharama ndogo inaweza kuwa dalili ya ukaribu na dirisha la benki. Meneja anayejisifu kwa kupunguza gharama, na yule anayelaumiwa kwa kuziongeza, huenda wote wawili hawakufanya lolote.

Kuna ubaya mwingine ulio mkubwa kuliko huo. Dola iliyonunuliwa nje ya njia rasmi haina ankara inayokubalika. Kwa hiyo hata aliyelipa 7,000 huona salama zaidi kuandika 2,900 vitabuni. Faida ya faranga 200,000 kwa kila mpishi, ambayo haipo, inabaki kwenye maandishi, na kodi ya mapato ya makampuni nchini ni asilimia 30. Katika mfano wetu, mwenye kiwanda amepoteza 210,000 kwa mpishi, kisha anadaiwa kodi ya 60,000 kwa faida ambayo hakuipata. Kodi hiyo ataitoa kwenye mtaji. Kiwanda kinaweza kwenda hivyo kwa muda mrefu, kikionyesha faida kila Desemba, hadi siku kinapokosa fedha za kununua pipa linalofuata la soda.

Si lazima mtu awe mpinzani wa serikali ili aone tatizo hili, wala si lazima awe mtetezi wa wafanyabiashara. Wapo waliopata dola kwa kiwango rasmi na kuuza bidhaa zao kana kwamba walizipata kwa kiwango cha magendo. Kwa hao, jedwali la gharama linaficha faida badala ya kuficha hasara. Mlaji wa Buyenzi anayelipia mche wa sabuni hana njia ya kujua ni hadithi ipi kati ya hizo mbili anayoilipia.

Mashine zinapolala

Dola si mgonjwa peke yake. Uhaba wa mafuta ya magari na mitambo umekuwa jambo la kawaida tangu miaka ya mwanzo ya muongo huu, na umeme wa REGIDESO hukatika. Bwawa la maporomoko ya Rusumo, lenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, limeongeza umeme tangu 2023, lakini jenereta bado ni sehemu ya maisha ya kiwanda, na jenereta bila dizeli ni chuma tu. Uhaba wa vinywaji vya Brarudi, ambao wasikilizaji wetu wanaufahamu bila kuelezwa, umehusishwa mara kwa mara na ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Kampuni inayotajwa kuwa miongoni mwa walipakodi wakubwa kabisa nchini inaposhindwa kujaza chupa, hazina ya serikali nayo inapungukiwa.

Tukirudi kwenye sufuria yetu: tuseme mwezi huu kiwanda kimepika mara 12 badala ya 20. Zile 3,000,000 hazikupungua. Walinzi walilinda, jengo lililipiwa, mashine zilizeeka. Mwanafunzi asiye makini atagawa kwa 12, kila mpishi ubebe 250,000, na mche upande kwa faranga 100. Meneja ataona gharama imepanda, ataongeza bei, wateja watapungua, na mwezi ujao atapika mara 9. Hesabu hiyo inaweza kukiua kiwanda bila mtu yeyote kukosea kugawa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1772, mgogoro wa fedha ulipoikumba Uingereza, mfinyanzi Josiah Wedgwood alikaa kukokotoa gharama za vyombo vyake na akagundua kwamba sehemu kubwa ya matumizi huenda mbele vilevile, atengeneze vyombo vingi au vichache. Uhasibu wa gharama wa Kifaransa ulikuja baadaye na dawa yake: mche ubebe gharama zisizobadilika kwa kadiri ya uzalishaji wa kawaida tu. Katika mfano wetu, mipishi 12 ingebeba 1,800,000, na 1,200,000 zilizobaki zingeandikwa pembeni kama gharama ya mashine zilizolala. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinaelekeza hivyohivyo kuhusu thamani ya bidhaa zilizo ghalani. Faida ya kuiweka pembeni ni kwamba inapata jina. Zile milioni moja na laki mbili haziwi tena kosa la msimamizi wa sabuni. Ni bei ya kukosa dizeli, na mtu anaweza kuipeleka mezani kwa wanaohusika na dizeli.

Anayetaka kuona gharama hiyo ikiwa imejengwa kwa matofali atazame historia ya COTEBU. Kiwanda hicho cha nguo kilijengwa kwa msaada wa China, kikatumia pamba ya bonde la Imbo, na kwa miaka mingi vitenge vyake vilivaliwa mijini na vijijini. Pamba ilipungua, vita vikaja, mitumba na vitambaa vya nje vikajaa sokoni, na mitambo iliyowekwa kwa ajili ya uzalishaji mkubwa ikawa inafanya kazi ndogo. Kiwanda kikasimama katika miaka ya 2000; baadaye kikakodishwa kwa kampuni ya Afritextile. Zipo sababu nyingi za kuanguka kwake, za kisiasa na za kiutawala, na si haki kuzibebesha zote hesabu. Lakini kiwanda kikubwa kinachotumia sehemu ndogo ya uwezo wake hupanda gharama kwa kila mita, na ukiongeza bei ili kuifuata gharama hiyo, mnunuzi huenda zake kwenye mitumba.

Mlango uliomo ndani ya somo

Huenda msomaji akadhani kwamba hoja hapa ni kuwa masomo hayafai na yatupwe. Sivyo. Somo lenyewe lina mlango, ila mara nyingi hupitwa haraka, kwa zoezi moja au mawili kabla ya mtihani. Uhasibu wa gharama haufungwi na muundo wa kisheria unaoufunga uhasibu wa jumla. Unaruhusu kuondoa matumizi ambayo hayahusiani na uzalishaji wa kawaida. Unaruhusu pia kuingiza gharama ambazo vitabu rasmi havizitambui, kama vile ujira wa mwenye duka asiyejilipa mshahara, au malipo ya mtaji wake mwenyewe. Na unaruhusu malighafi ihesabiwe kwa bei ya kuinunua upya, badala ya bei iliyo kwenye ankara ya zamani.

Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa Zone Industrielle. Jedwali la ndani la kiwanda linaweza kuwa na safu mbili: moja kwa kiwango rasmi, nyingine kwa kadirio la gharama ya kuirudisha malighafi ghalani. Safu ya pili si ungamo kwamba mtu alinunua dola kwa magendo. Ni makadirio ya usimamizi, kama makadirio mengine. Tofauti kati ya safu hizo mbili huonyesha ni kiasi gani cha faida ya vitabuni ni mtaji unaoliwa.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya walimu hawatalipenda: maarifa haya yako tayari mtaani. Muuza vipuri wa Buyenzi, ambaye pengine hakupita hata sekondari, hauzi breki kwa kuangalia aliinunua kwa kiasi gani mwezi uliopita. Anauliza kwanza leo inapatikana kwa kiasi gani, ndipo anataja bei. Wateja humwita mlanguzi. Wapo walanguzi kweli, lakini wengi wao wanajua tu kwamba akiuza kwa bei ya jana, kesho rafu yake itakuwa tupu. Mtoto wake aliyeko chuoni anajifunza kanuni hiyohiyo kwa Kifaransa, kwa majina ambayo hawezi kuyapeleka nyumbani. Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha rasmi za Burundi, ambazo ni Kirundi, Kifaransa na, tangu 2014, Kiingereza. Na hata Tanzania, ambako Kiswahili ni lugha ya taifa, uhasibu wa chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza. Hivyo baba anajua kanuni bila jina, mwana anajua jina bila kuona kwamba ni kanuni ya baba yake, na mazungumzo kati yao kuhusu bei ya breki huishia kwenye mzaha.

Lipo pingamizi zito, nalo lisipuuzwe. Serikali imekuwa ikishiriki katika kupanga bei za bidhaa kama mafuta, sukari na vinywaji, na bei ya namna hiyo huhitaji maelezo ya gharama. Kiwanda kikiruhusiwa kuleta safu ya pili, nani atahakiki kwamba hakikuitia chumvi? Kiwango cha soko lisilo rasmi hakitangazwi na taasisi yoyote inayowajibika. Hubadilika kati ya asubuhi na jioni, na hupanda kwa uvumi. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na vita vya mashariki mwa Kongo vilipoisogelea Uvira mwaka uliofuata, njia za biashara zimekuwa finyu zaidi na uvumi umepata nafasi kubwa zaidi. Ofisa anayekataa safu ya pili ana sababu za kuikataa.

Lakini akiikataa kabisa, anabaki na safu ya kwanza, ambayo yeye mwenyewe anajua kwamba haisemi kweli, na bei itakayopangwa juu yake itafuatwa na rafu tupu au na bidhaa inayouzwa nyuma ya duka. Kinachoweza kuhakikiwa bila kugusa dola ni ile gharama ya mashine zilizolala. Saa za umeme zinapimwa, lita za dizeli zinaandikwa, mipishi inahesabika. Ripoti ya staji inayoonyesha, kwa kiwanda kimoja na kwa miezi mitatu, mitambo ilisimama saa ngapi na kila saa iligharimu faranga ngapi, ingekuwa na takwimu ambazo wizara na REGIDESO wangeweza kuzitumia. Inahitaji kalamu, daftari la lango la kiwanda, na meneja anayekubali kumfungulia mwanafunzi daftari hilo.

Hilo la mwisho ndilo gumu kupatikana. Katika wakati ambapo kila takwimu ya dola inaweza kuwa ushahidi dhidi ya aliyeiandika, mameneja wana sababu ya kumpa mwanafunzi kiti, chai na takwimu za miaka ya nyuma.